Ukali wa Zoezi Uko Kwenye Pumziko

Mchakamchaka wa shuleni ulikuwa na kipimo ambacho watu wazima wengi wamekisahau: mnakimbia huku mnaitikia. Ukiweza kuitikia ubeti mzima bila kukata pumzi, mwendo wako ni wa wastani. Ukitoa maneno matatu manne kisha ikabidi uvute hewa, umeingia kwenye ukali. Ukiulizwa swali na hata "ndiyo" haitoki, uko kileleni, na pale kileleni hakuna anayekaa. Wengi hushuka wenyewe ndani ya nusu dakika.

Kipimo hicho hakitaki saa ya kisasa wala mkanda wa kifuani, na kinaumbua sehemu kubwa ya mazoezi yanayotangazwa kuwa makali. Ukiona tangazo la dakika 60 za kuchoma mafuta bila kupumzika, jua kimoja kati ya viwili: ama si makali, ama si dakika 60. Msuli unaofanya kazi kwa nguvu zote una akiba ya haraka ya sekunde kumi hivi. Ikiisha, unageukia sukari iliyohifadhiwa ndani yake na kuitumia kwa kasi kuliko oksijeni inavyofika. Hapo ndipo paja linawaka moto na pumzi inakuwa fupi. Baada ya hapo mwili hauombi ruhusa, unapunguza kasi tu. Mtu anayeruka bila kusimama, akifika dakika ya tano, anaruka chini, anachuchumaa robo, anapunga mikono kwa mazoea. Jasho linamiminika na muziki uko juu, lakini kazi imeshakuwa ya wastani. Ni mwendo wa kati ambao ni mzito mno kuufanya kila siku na mwepesi mno kukuongezea pumzi.

Ndiyo maana anayejua kazi hii hupanga pumziko kwanza. Ukipumzika sekunde 30 unaweza kurudia ukali uleule mara nane, kumi, hata ishirini. Usipopumzika utaupata mara moja, labda mbili. Pumziko ndilo linalofanya raundi ya tisa ifanane na ya kwanza.

Jina linaloonewa kuliko yote hapa ni Tabata. Mwaka 1996 Izumi Tabata na wenzake huko Japani walichapisha matokeo ya jaribio lililofanywa kwenye baiskeli ya maabara: sekunde 20 za kukanyaga kwa nguvu zote, sekunde 10 za kupumzika, raundi saba hadi nane, basi. Mpangilio wenyewe ulitoka kwa kocha wa timu ya taifa ya mbio za kuteleza kwenye barafu. Mzigo uliwekwa kwenye asilimia 170 ya kiwango kinachomaliza uwezo wa mtu wa kutumia oksijeni, na mtu akishindwa kushika kasi ya pedali ilikuwa mwisho wake. Baada ya wiki sita uwezo wao wa kutumia oksijeni ulipanda, na uwezo wa kufanya kazi pale oksijeni isipotosha ulipanda kwa asilimia 28. Ni matokeo makubwa, ila waliopimwa walikuwa vijana wanamichezo, na kupunguza uzito hakukuwa swali la utafiti ule. Sekunde 20 za kunyanyua magoti sebuleni, kisha 10 za kunywa maji, si kitu kilekile. Ni mazoezi mazuri tu yaliyoazima jina. Na anayefanya "Tabata" nne mfululizo ashukuru Mungu hakufanya hata moja ya kweli, maana ya kweli ikiisha hutaki kuona baiskeli.

Kabla ya kupanga wiki ya anayepunguza uzito, tupige hesabu, kwa sababu ahadi nyingi hufa kwenye hesabu.

Mtu wa kilo 80 akiruka kamba kwa mwendo wa miruko 100 hadi 120 kwa dakika anatumia takriban kalori 15 kila dakika. Raundi 20 za sekunde 30 ni dakika 10 za kuruka, yaani kalori 150 na ushee. Ukiongeza kupasha mwili moto na kutembea katikati ya raundi, kipindi kizima kinafika karibu 250. Chapati moja iliyokaangwa inaweza kubeba kalori 250 hadi 300, kutegemea ukubwa wake na mkono wa mpishi kwenye mafuta. Ule moto unaoendelea kuunguza mafuta siku nzima baada ya zoezi upo kweli, lakini ni mdogo: kwa kawaida ni asilimia 6 hadi 15 ya ulichotumia mazoezini. Kwa kalori 250 hiyo ni 15 hadi 38, sawa na kijiko kimoja au viwili vya chai vya sukari. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ina kalori 7,700 hivi. Vipindi vitatu kwa wiki ni 750. Gawanya, utapata wiki kumi kwa kilo moja, kama ulaji haukubadilika.

Basi kwa nini mtu ajitese? Kwanza ni muda. Tafiti zilizolinganisha mazoezi ya vipindi vikali na mwendo mrefu wa wastani zinaonyesha upungufu wa mafuta unaokaribiana, ila ukali unatumia muda mfupi zaidi. Pili ni pumzi: moyo unaopiga damu nyingi kwa kila pigo unakuwezesha kutembea zaidi, kupanda ngazi bila kutafuta kisingizio, na kufanya kazi nyingi zaidi kipindi kijacho. Tatu, mazoezi ya nguvu yanalinda misuli wakati uzito unashuka. Anayefunga mdomo bila kufanya mazoezi hupoteza mafuta na misuli pamoja, na mizani haimwambii ni kipi kimeondoka.

Kupasha mwili moto ni dakika nane, na hazipunguzwi. Dakika tatu za kutembea haraka au kukimbia polepole. Kisha zungusha nyonga, mabega na vifundo vya miguu, kila upande mara kumi. Kisha skwati 10 za taratibu, hatua ndefu za kushuka goti, 5 kila mguu, na pushapu 8 za kuegemea ukuta. Malizia na marudio mawili ya sekunde 15 ya zoezi la siku hiyo kwa nusu ya nguvu. Unataka kuanza raundi ya kwanza ukiwa tayari umelowa kidogo mgongoni. Kunyoosha viungo kwa kushikilia muda mrefu kuache mwishoni.

Kamba

Siku ya kwanza, tuseme Jumatatu. Kamba ya plastiki ya dukani inatosha. Simama katikati yake kwa mguu mmoja, vuta ncha juu: mishikio ifike kwapani. Ikifika shingoni ni ndefu, itapiga chini mapema na kukulazimisha kupanua mikono. Fanya mazoezi juu ya udongo ulioshindiliwa, nyasi fupi, au zulia la mpira. Zege na vigae ndivyo vinavyoleta maumivu ya muundi, ule mfupa wa mbele ya mguu, wiki ya pili au ya tatu.

Mtazame anayeanza. Anarusha kamba kwa bega zima, anaruka sentimita 15 hewani huku anakunja magoti nyuma, anatua kwa unyayo mzima kwa kishindo, kisha anaongeza kidunda kidogo kabla ya mruko unaofuata. Kufika sekunde ya 20 mabega yamepanda masikioni. Aliyezoea hana vituko: viwiko vimebana mbavuni, mikono iko mbele kidogo ya nyonga, vifundo vya mikono tu ndivyo vinazunguka. Anapanda sentimita mbili tatu, kiasi cha kamba kupita, anatua kwa mbele ya unyayo na kisigino kinagusa chini kidogo tu au hakigusi. Sikiliza badala ya kutazama. Mtuo mzuri una sauti ndogo, tap tap, na kamba inachora mstari uleule chini. Ukianza kusikia kishindo, raundi hiyo imekwisha hata kama saa haijalia.

Wiki mbili za kwanza: sekunde 20 za kuruka, 40 za kutembea, mara 10. Wiki ya tatu na ya nne: 30 kwa 30, raundi nane, pumzika dakika tatu, rudia nane. Wiki ya tano na ya sita: hivyo hivyo lakini kumi na kumi. Kama kamba inakukwama kila baada ya miruko mitano, usihesabu hayo kuwa mazoezi makali, maana unasimama zaidi ya unavyoruka. Tumia wiki moja kujifunza kwa dakika tano kila siku, na siku ya ukali fanya kupanda na kushuka ngazi moja ya kibaraza kwa kasi, ukibadilisha mguu wa kuanza kila raundi.

Mwenye uzito mkubwa, kilo 100 na kuendelea, asianze na kamba hata kidogo. Goti na kano ya kisigino hazijui kwamba nia ni njema. Aanze na ngazi, kilima cha kutembea au baiskeli, aje kwenye kamba baada ya miezi miwili mitatu, kwa raundi za sekunde 15.

Madumu

Jumatano ni nguvu. Dumu la lita 10 likijaa maji ni kilo 10 na ushee, la 20 ni 20. Lijaze hadi mdomoni. Dumu lililojaa nusu linasukasuka ndani na kukuvuta pembeni, na dumu lisilotulia linaweza kuumiza mgongo hata likiwa jepesi. Ukiwa na dumu la lita 5 tu, lijaze mchanga mkavu: linafika kilo 8 hivi. Mshikio wa plastiki unakata vidole, uzungushie kitambaa cha khanga kuukuu.

Kazi ni tano, sekunde 40 kila moja, sekunde 20 za kuhamia inayofuata. Anza na skwati ukiwa umekumbatia dumu kifuani. Shuka hadi paja lilingane na sakafu au karibu, visigino chini, magoti yakifuata mwelekeo wa vidole. Magoti yakianza kusalimiana, dumu ni zito au umechoka. Ya pili ni pushapu. Asiyeweza kumi safi sakafuni aweke mikono kwenye benchi au mkono wa sofa zito lililobanwa ukutani. Mwinuko ukipungua wiki hadi wiki, hayo ni maendeleo. Kupiga pushapu za magoti kwa kiuno kilicholegea hakukupeleki popote. Ya tatu, kunyanyua dumu kutoka chini: rudisha makalio nyuma kana kwamba unafunga mlango wa gari kwa makalio huku umebeba mizigo, mgongo umenyooka, dumu linapanda likigusa miguu. Ya nne, kuvuta: mkono mmoja na goti moja kwenye benchi, mkono mwingine unavuta dumu hadi mbavuni, sekunde 20 kila upande. Ya tano, beba dumu kila mkono na utembee. Hatua fupi, mabega chini, tumbo limekazwa. Hilo la mwisho linaonekana la kitoto hadi utakapofika mzunguko wa tatu.

Dakika tano zimeisha. Pumzika mbili. Mizunguko mitatu kwa wiki tatu, kisha minne. Uzito ni sahihi kama sekunde kumi za mwisho ni ngumu lakini mtu aliyesimama pembeni haoni umbo likiharibika. Ukimaliza sekunde 40 huku ungeweza kuendelea nusu dakika nyingine, chukua dumu zito zaidi.

Hapa neno kuhusu kichurachura. Kila aliyesoma shule zetu anakijua, na kuna makocha wa mtaani wanaokiuza kama siri ya kupunguza mapaja. Kuruka mara mia ukiwa umechuchumaa hadi chini, mikono masikioni, bila kupumzika, kunapakia goti pale linapobanwa zaidi, na misuli ya paja inapochoka goti ndilo linalolipa. Kwa mtu ambaye hajafanya mazoezi kwa mwaka mzima, wingi wa namna hiyo kwa siku moja unaweza kuvunja misuli kiasi cha kumwaga protini zake kwenye damu na kuziba figo. Dalili ni mapaja kuvimba na kuuma kupita kawaida, na mkojo wenye rangi ya kahawa au kola siku moja hadi tatu baadaye. Hapo hungoji kesho wala huchui mafuta ya nazi. Unakwenda hospitali siku hiyohiyo. Kitu kilichobuniwa kiwe adhabu hakigeuki tiba kwa kubadilishiwa muziki.

Bapi, lile zoezi la kushuka, kurusha miguu nyuma, kurudi na kuruka juu, linahitaji hadhari ileile ila lina njia ya kulipunguza. Mikono kwenye benchi, mguu mmoja nyuma, kisha mwingine, rudi kwa hatua, simama, inuka kwa vidole badala ya kuruka. Mwenye kitambi analipenda zaidi hivi, kwa sababu tumbo halimbani anapokunja magoti, na kiuno hakizami sakafuni kila anaporusha miguu. Kama unalitaka, liweke badala ya pushapu kwenye mzunguko wa mwisho tu.

Mlima, ngazi au mchanga

Siku ya tatu, Ijumaa au Jumamosi, ni ndefu zaidi na ukali wake ni wa chini kidogo. Mpangilio bora tunaoujua ulipimwa na watafiti wa Trondheim, Norway: dakika nne za kazi kwenye asilimia 85 hadi 95 ya mapigo ya juu kabisa ya moyo, dakika tatu za mwendo mwepesi, mara nne. Pamoja na kupasha na kupoza mwili ni kama dakika 40.

Mapigo ya juu ya moyo yakadirie kwa 208 toa asilimia 70 ya umri. Mwenye miaka 40: 208 toa 28 ni 180. Asilimia 85 hadi 95 yake ni 153 hadi 171. Kusimama na kuhesabu dakika nzima hakuna maana, kwa sababu moyo unashuka haraka. Weka vidole viwili shingoni pembeni ya koo mara tu unaposimama, hesabu sekunde 15: kwa mtu huyu unataka mapigo 38 hadi 43. Kanuni hii inakosea kwa mapigo kumi au zaidi kwa baadhi ya watu, kwa hiyo kipimo cha maneno matatu manne kiwe hakimu wa mwisho. Anayemeza dawa za presha zinazopunguza mapigo ya moyo asitumie namba hizi kabisa, atumie kipimo cha maneno peke yake.

Kosa la siku hii ni lilelile kila mahali: dakika ya kwanza inakimbiwa kama ya mwisho. Dakika ya kwanza ya kila nne iwe rahisi hadi ujione unadanganya. Moyo unachukua dakika moja na nusu hadi mbili kupanda hadi kiwango, nawe unatakiwa ukae pale dakika mbili za mwisho. Ukianza kwa fujo utakuwa unatembea dakika ya tatu, na raundi ya nne hutaiona.

Mahali pazuri ni kilima. Kupanda kunapandisha moyo kwa mwendo mdogo, kishindo ni kidogo, na misuli ya nyuma ya paja haichaniki kirahisi kama kwenye mbio kali za tambarare. Panda kwa nguvu, shuka kwa kutembea. Kushuka ndiko kunakoumiza mapaja siku mbili baadaye, na anayeshuka ngazi za ghorofa kumi kwa kukimbia atajua kesho yake akienda chooni. Mwanza au Lushoto huna kisingizio, vilima vipo hadi vya akiba. Dar es Salaam ni tambarare, lakini kuna mchanga. Kukimbia kwenye mchanga laini kunatumia nguvu takriban mara 1.6 ya ardhi ngumu kwa kasi ileile, kwa hiyo pale Coco Beach maji yanapokupwa huhitaji mbio za ajabu. Kimbia juu kwenye mchanga mkavu dakika za kazi, rudi chini kwenye mchanga mgumu uliolowa dakika za kupumzika. Tazama mteremko wa ufuko: ukikimbia upande mmoja tu, mguu mmoja unakuwa chini ya mwenzake na nyonga inalalamika. Geuka kila raundi. Na raba usivue kama hujui kilichofukiwa hapo. Kipande cha chupa hakijui asili wala mazoezi.

Ukichoka na nne kwa nne, wakimbiaji wa Iten, Kenya, wana dawa. Fartlek, yaani mbio za kubadilisha kasi njiani, ni ubunifu wa Wasweden, kocha Gösta Holmér alianza kuifundisha miaka ya 1930, lakini leo picha yake inayojulikana zaidi ni kundi kubwa la wakimbiaji Alhamisi asubuhi kwenye barabara za udongo mwekundu, mita 2,400 juu ya usawa wa bahari. Dakika moja kali, dakika moja nyepesi, au mbili kwa moja. Kwa anayepunguza uzito, dakika moja kwa moja mara 12 inatosha. Chukua mpangilio, uache mwendo wao.

Sasa kuhusu kubadilisha. Kuna hadithi kwamba misuli inapaswa "kuchanganywa" kila siku ili isizoee. Kuzoea ndiko unakokutafuta: mwili uliozoea madumu ya kilo 10 ni mwili ulioongeza nguvu, unachotakiwa ni kuupa 12. Siku tatu zinatofautiana kwa sababu nyingine kabisa. Kamba inachosha mashavu ya miguu, madumu yanachosha mapaja, mgongo na mikono, kilima kinachosha moyo na makalio. Kila sehemu inapata siku kadhaa za kupona wakati nyingine inafanya kazi. Anayefanya video mpya kila siku hawezi kujua kama ameimarika, maana hana cha kulinganisha. Rudia wiki sita mpango uleule, andika kwenye daftari: tarehe, raundi, uzito wa dumu, raundi ambayo umbo liliharibika. Badilisha kitu kimoja kwa wakati: kwanza ongeza raundi, kisha punguza pumziko, mwisho ongeza uzito. Ukibadilisha vyote wiki moja, goti litauma na hutajua umlaumu nani.

Siku nne zilizobaki ni za kutembea, dakika 30 hadi 60, mwendo wa kuongea. Wengi huzidharau, na hapa ndipo mpango hufeli kimyakimya. Baada ya kipindi kikali mtu hupanda bodaboda kwenda mahali alipokuwa akitembea, hukaa zaidi, humtuma mtoto dukani. Kalori 250 za asubuhi zinarudishwa kabla ya jioni bila yeye kula chochote cha ziada. Ukiona baada ya mazoezi unashinda umelala kwenye kochi, punguza raundi, usipunguze hatua.

Sahani

Sitakaa sana hapa, kwani kila mtu ana mtaalamu wake wa chakula. Vitu vitatu vinapimika jikoni. Mafuta ya kupikia: kijiko kimoja cha mezani ni kalori 120, na mboga ya familia ya watu wanne haihitaji zaidi ya viwili vitatu, kwa hiyo pima kwa kijiko badala ya kumimina kutoka kwenye chupa. Sukari: vikombe vinne vya chai kwa siku, vijiko vitatu kila kimoja, ni gramu 48 na kalori 190 hivi, kama robo tatu ya kipindi kizima cha kamba. Protini: lenga gramu 1.2 hadi 1.6 kwa kila kilo ya uzito wako, kwa kuwa ndiyo inayobakiza misuli na ndiyo inayoshibisha. Yai lina gramu 6 hivi, kikombe cha maharage yaliyopikwa karibu 15, kipande cha samaki cha gramu 150 kinafika 30. Dagaa wakavu wanazidi gramu 50 kwa kila gramu 100, na bei yao inamwaibisha kila anayeuza unga wa protini. Ugali haujakosa kitu, ukubwa wa tonge na mnara ndio mashtaka.

Na jasho si mafuta. Lita moja ya jasho ni kilo moja kwenye mizani, na inarudi na glasi tatu nne za maji. Kuzungushia tumbo nailoni au kuvaa sweta mbili kwenye joto la Pwani hakuyeyushi kitambi, kwa sababu mwili hauchagui mafuta ya mahali ulipobana. Kinachotokea ni kwamba jasho linashindwa kukauka, joto la ndani linapanda, na kizunguzungu kinafuata. Dar, Tanga, Mombasa na Zanzibar, hewa yenyewe imeshajaa unyevu. Anza saa kumi na mbili, umalize kabla ya saa moja na nusu, au subiri jua lizame. Mwezi wa Ramadhani, ukali hamishia saa mbili baada ya futari, na kabla ya futari tembea tu.

Jipime mara tatu kwa wiki asubuhi baada ya choo, kabla ya kula, uchukue wastani. Wiki ya kwanza mizani inaweza kushuka kilo mbili. Nyingi ni maji, maana kila gramu ya sukari iliyohifadhiwa mwilini hukaa na gramu tatu hivi za maji. Wiki ya pili inaweza kusimama au kupanda, hasa kama misuli imeanza kuuma na kushika maji. Mwanamke anaweza kuongezeka kilo moja au mbili siku za kabla ya hedhi, alinganishe wiki na wiki ileile ya mwezi uliopita. Tepu ya fundi cherehani ni ya kweli zaidi: ipitishe katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, toa pumzi kawaida, usivute tumbo.

Wapo wanaotakiwa kuonana na daktari kwanza: mwenye presha isiyodhibitiwa, ugonjwa wa moyo, mjamzito, aliyejifungua karibuni, na mtu wa miaka 45 kwenda juu ambaye hajafanya mazoezi kwa miaka. Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge vinavyoshusha sukari apime kabla na baada, na awe na kitu cha sukari mfukoni. Kifua kikibana, maumivu yakipanda kwenye taya au mkono, au macho yakipiga giza, simama. Kumalizia raundi si ushujaa.

Homa nayo ina kanuni yake. Ukipata malaria, maliza dozi, kisha kaa wiki nzima ukitembea tu, hata kama siku ya tatu unajisikia mzima. Ukirudi kwenye kamba, rudi kwenye sekunde 20 kwa 40, raundi tano badala ya kumi. Raundi ya tano ikiwa na sauti ileile ya ya kwanza, ongeza mbili kipindi kinachofuata. Ikiwa na kishindo, baki hapo wiki moja zaidi.